Kura Umepiga, Mkutanoni Je?

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Ndugu, kodi nalipa, sheria sivunji, na kura nilipiga. Nadaiwa nini tena?" Alikerwa na makala yangu ya nyuma, ile niliyowasema watu wanaolalamika kutwa bila kuonekana popote. Nikaanza kumjibu kwa ukali, nikafuta. Nikaanza upya, nikafuta tena. Maneno yale niliwahi kuyatamka mwenyewe, nimesimama mlangoni kwangu, mlango nimeufungua nusu, mbele ya mama mmoja mtu mzima aliyepita nyumba hadi nyumba kuwaita watu kwenye mkutano wa mtaa.

"Nadaiwa nini tena, mama?"

"Hudaiwi kitu, mwanangu. Ungekuwa unadaiwa ningekuja na askari. Mimi nimekuja kukuomba."

Sikwenda.

Yule mama alikuwa amenifundisha somo zima la uraia kwa sentensi tatu, ila mimi niliona ananipotezea muda. Kuna mambo ambayo dola haikubembelezi: kodi, kutii sheria, kufika mahakamani ukiitwa kutoa ushahidi. Korea Kusini na Uswisi vijana wa kiume huitwa jeshini. Marekani raia huitwa kuketi kwenye juri na kuamua kesi ya mtu wasiyemjua. Australia ilifika mbali zaidi, ikaifanya kura yenyewe kuwa lazima kwa sheria ya mwaka 1924. Kwenye uchaguzi wa 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Wa 1925 walipita asilimia 91. Wapenda takwimu huishangilia hiyo, na mimi siibezi. Lakini sheria itakufikisha kwenye sanduku la kura tu. Haiwezi kukulazimisha umjue unayempigia, wala kumfuatilia akishaapishwa.

Yaliyobaki yote ni hiari, na hapo ndipo wengi wetu tunapotoroka. Azimio la Haki za Binadamu la 1948 tunalinukuu sana kwenye ibara ya 21, kwamba kila mtu ana haki ya kushiriki katika serikali ya nchi yake. Ibara ya 29, inayosema kila mtu ana wajibu kwa jamii yake, hiyo tunaipita kama tunavyompita mdai wetu barabarani. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 umeupa wajibu sura yake kabisa, ibara ya 27 hadi ya 29. Ni nani aliyewahi kukusomea?

Turudi kwangu. Miaka minne baada ya siku ile ya mlangoni niligombea ujumbe wa kamati ya mtaa. Ya kampeni nayaruka, hayana utamu: nilishikana mikono na watu, nikatoa ahadi. Nilishindwa kwa kura sita. Rafiki yangu wa karibu, mtu niliyesimamia harusi yake, hakwenda kupiga kura. Aliniambia, tena anacheka, "Nilijua utashinda tu." Imepita miaka na bado tunasalimiana vizuri, lakini kicheko kile ninacho hadi leo.

Kilichoniuma zaidi hata hivyo hakikutoka kwake. Nilikutana na yule mama, nikamuuliza kwa utani kama alinipa kura yake. Akanitazama kwa upole, upole unaochoma kuliko tusi. "Nikupe kura, mwanangu, nakujulia wapi?"

Mkutano uliofuata nilikwenda. Kusema kweli nilikwenda kwa hasira, nimwoneshe. Ulianza umechelewa, ukasomwa muhtasari wa kikao kilichopita, wazee wawili wakabishana nani alisema nini, na tulipofika kwenye mengineyo nusu ya watu walishaondoka. Nikarudi nyumbani nimechoka kama niliyelima. Wa pili ulikuwa hivyo hivyo.

Wa tatu tukagawiwa makadirio ya bajeti: kurasa arobaini hivi, zimebanwa kwa pini moja, wino umefifia upande wa kulia ambako ndiko tarakimu zilipo. Ukurasa wa 17 uliandika "ukarabati wa mtaro". Nikaendelea. Ukurasa wa 31 ukaandika "usafishaji na ukarabati wa mtaro", urefu uleule wa mita 240, kiasi kilekile hadi tarakimu ya mwisho. Nikarudi nyuma. Nikaweka kidole kimoja huku, kingine kule, nikalinganisha namba moja moja kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Mkono ulipoinuka sikuwa na hakika kama niliuinua mimi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuelimishwa. Mtaro huu ni mmoja au ni miwili?"

Kimya. Karatasi zikaanza kufunuliwa ukumbi mzima, sauti kama mvua ya manyunyu. Ofisa akasema ni makosa ya uchapaji. Yule mama, kutoka safu ya nyuma, hata hakusimama: "Makosa ya uchapaji huyo, mbona na kwenye jumla kahesabiwa?"

Mstari mmoja ulifutwa, fedha zikahamishiwa taa za barabarani. Najivunia, sitaficha. Nyumbani kwangu hadithi hii imepigwa marufuku wakati wa chakula. Najua pia kwamba hatukugundua Amerika siku ile. Porto Alegre, Brazil, kuanzia 1989 wakazi walikaa kwenye mikutano kuamua sehemu ya bajeti ya mji wao iende wapi, watu wa kawaida kabisa, wengine hawakuwa wamewahi kushika karatasi ya bajeti. Hawakuwa na akili kutuzidi. Walikaa tu, na wakarudi tena.

Sasa ushauri, maana najua wengine mmeruka hadi hapa. Nenda mkutanoni. Omba nakala ya muhtasari na bajeti, uzisome kabla, kalamu mkononi. Uliza swali moja, fupi, lenye namba ya ukurasa. Hotuba waachie wagombea. Ukijibiwa ovyo, uliza kikao kijacho. Nenda tena. Kama una nafasi, jitolee kazi ambayo hakuna anayeigombania: kuandika muhtasari, kusimamia foleni kituoni siku ya kura, kumsaidia jirani asiyejua kusoma ahakiki jina lake kwenye daftari la wapiga kura. Kisha nenda tena. Najua najirudia. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo, na wewe unayesema huna muda, ndugu yangu, mpira wa juzi uliutazama dakika ngapi?

Athene ya kale, wanayoisifia kuwa mama wa demokrasia, watu nao walikuwa wavivu. Tunasimuliwa kwamba watumwa walitembeza kamba iliyochovywa rangi nyekundu sokoni, kuwasukumia raia kwenye baraza, na aliyezubaa akaondoka na alama kwenye nguo. (Wanawake na watumwa wenyewe hawakuwa na kura. Sifa nyingine tuzipunguze.) Alhamisi iliyopita niliitamani kamba ile. Tulikuwa na ajenda ya shule, jambo ambalo mtaa mzima umelilalamikia mwaka huu, na akidi ilipungua kwa watu watatu. Tulikaa dakika arobaini tukitazama mlango. Mimi ndiye katibu sasa, nikaandika: kikao kimeahirishwa kwa kukosa akidi. Rafiki yangu yule wa kura sita alinitumia ujumbe saa tatu usiku akiuliza kimeamuliwa nini.

Msomaji wangu, nimeshakujibu kwa barua pepe, kwa adabu kuliko hapa. Nimekwambia hudaiwi kitu. Kisha nikakuomba uangalie mkutano wa mtaa wako ni lini, na ukifika uhesabu waliomo kabla hujaketi.