Siku ya nne bila sigara: bigijii ya nikotini haisaidii, usingizi hakuna, nifanyeje?

SWALI: Habari dada mfamasia. Mi ni mwanaume wa miaka 36, nimevuta sigara miaka 14, pakiti moja kwa siku yaani fegi 20, na ya kwanza nilikuwa naivuta kabla hata sijanawa uso. Leo ni siku ya nne tangu niache. Nilinunua bigijii za nikotini za miligramu 2, natafuna kama nne hivi kwa siku lakini kazi yake siioni, zaidi zinanipa kwikwi na kiungulia. Usingizi sipati, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, na kahawa nakunywa vikombe vitano kama kawaida yangu ili angalau akili ikae sawa kazini. Hasira ndo usiseme, jana mke wangu kaniambia bora nirudi tu kuvuta maana nyumba haikaliki. Nilisoma sehemu kwamba nikotini inaisha mwilini baada ya siku tatu, sasa hii arosto ya siku ya nne inatoka wapi? Na je nikivuta moja tu usiku ili nilale, kuna shida?

JIBU: Kaka yangu, hongera, na naisema kwa moyo wote maana kwa watu wengi siku ya pili na ya tatu ndo kilele cha arosto na wewe umeshazivuka, tena ukiwa na nikotini kidogo mno na kahawa nyingi mno. Hiyo moja ya usiku usiivute, ntarudi kwenye hilo. Nilivyosoma maelezo yako naona mambo tofauti yamechanganyika na yote umeyapa jina moja la arosto, wakati mengine hayahusiani kabisa na kukosa sigara, embu tuyatenganishe.

Hiyo habari ya siku tatu ina ukweli nusu. Nikotini yenyewe inatoka haraka tu, kila masaa mawili hivi kiwango chake kwenye damu kinapungua nusu, ndo maana ulikuwa unaamka asubuhi mwili unadai kabla ya maji ya uso. Kinachochelewa ni ubongo. Mtu akivuta miaka mingi ubongo wake unaongeza vipokezi vya nikotini, vichukulie kama vinywa vidogo vimekaa vinasubiri kulishwa, na ukikata sigara vile vinywa havifungwi siku hiyohiyo, vinachukua wiki kadhaa mpaka vipungue vifikie vya mtu asiyevuta. Kwahiyo siku ya nne nikotini ya sigara haipo ila vinywa bado vipo na vina njaa. Kwa kawaida arosto inaanza ndani ya masaa 24 ya mwanzo, inakuwa kali wiki ya kwanza, alafu inashuka taratibu na wengi wanapata nafuu ya kweli kati ya wiki ya pili na ya nne. Hamu ya kula ndo inaweza kuendelea zaidi ya hapo.

Sasa tuje kwenye bigijii maana hapa ndo naona umeumia bure. Piga hesabu na mimi. Sigara moja inaingiza mwilini kama miligramu 1 ya nikotini, fegi 20 ni kama 20 kwa siku. Bigijii ya miligramu 2 haitoi zote 2, ukiitafuna vizuri mwili unapata kama nusu yake, na wewe unatafuna nne, yaani umetoka 20 mpaka chini ya 4 kwa siku moja. Hapo dawa haijashindwa, dozi ndo haijafika. Alafu mtu anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka anatakiwa aanze na bigijii ya miligramu 4, na katika wiki sita za mwanzo ni moja kila baada ya saa moja hadi mawili, usizidishe 24 kwa siku. Najua watu wanaogopa kwamba watahamisha uraibu kutoka sigara kwenda kwenye bigijii, ila kuna daktari wa Uingereza, Michael Russell, tangu mwaka 1976 aliliweka wazi hili kwamba watu wanavuta kwa ajili ya nikotini lakini kinachowaua ni lami ya ule moshi. Bigijii haina lami wala kaboni monoksaidi, na nikotini yake inaingia polepole kwahiyo haishiki ubongo kama sigara inavyoshika.

Kwikwi na kiungulia vinaniambia unaitafuna kama bigijii ya kawaida, chap chap na mate unameza. Nikotini ya bigijii inatakiwa ipite kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo, ukiimeza inaenda kuchoma tumbo na sehemu kubwa ini linaiharibu kabla haijafika kwenye ubongo. Tafuna polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili, hapohapo acha, ibane kati ya shavu na fizi, ukali ukipotea baada ya dakika moja hivi tafuna tena kidogo, hamishia shavu la pili, nenda hivyo kama nusu saa. Na dakika 15 kabla ya kuiweka mdomoni, na muda wote ikiwa mdomoni, usinywe kahawa, juisi wala soda, maana vinywaji vyenye uchachu vinazuia nikotini isipite pale kwenye shavu. Nna wasiwasi kabisa kwamba na hizo nne ulizokuwa unatafuna nusu umeziua na kahawa.

Kitu kingine ambacho wengi hawaambiwi dukani ni kwamba bigijii inachelewa. Moshi wa sigara unafikisha nikotini kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 mpaka 20 hivi, bigijii inahitaji kama dakika 20 mpaka 30 ifike kilele chake, kwahiyo ukisubiri hamu ikubane ndo uifungue umeshachelewa, tafuna kwa ratiba ya saa, na hasa kabla ya zile nyakati unazozijua zinakusumbua. Kwa mvutaji wa pakiti moja mi napenda zaidi plasta ya miligramu 21 kila asubuhi inayotoa nikotini kidogokidogo siku nzima, alafu bigijii inabaki ya kuzima hamu za ghafla, na viwili hivi pamoja vinasaidia watu kuacha kuliko kimoja peke yake. Plasta bandika kwenye ngozi safi isiyo na nywele, kesho yake badilisha sehemu, na kwa sababu usingizi wako tayari una shida ivue unapoenda kulala maana ikikaa usiku inaweza kuleta ndoto za ajabu. Kwa kawaida hiyo ya 21 ni wiki sita, alafu 14 wiki mbili, alafu 7 wiki mbili. Kama umewahi kupata shambulio la moyo karibuni au mapigo ya moyo yana hitilafu, pita kwa daktari kwanza kabla ya kuongeza dozi.

Kahawa sasa. Hapa nataka unisikilize vizuri kaka maana moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukesha, mi naona sehemu kubwa inatoka hapa. Moshi wa sigara una kemikali zinazoliamsha ini lifanye kazi ya kuvunja kafeini kwa kasi kubwa, ndo maana wavutaji wanakunywa kahawa nyingi na hawasikii kitu. Ukiacha kuvuta ini linarudi kwenye kasi yake ya kawaida ndani ya siku chache, lakini wewe vikombe bado ni vilevile vitano, na kiwango cha kafeini kwenye damu kinaweza kufika kama mara mbili ya ulichozoea. Yaani ni kama umeanza kunywa vikombe kumi alafu unashangaa kwanini hulali. Na hii haizuiwi na bigijii wala plasta kwa sababu chanzo ni moshi, sio nikotini. Kata nusu kuanzia kesho, vikombe viwili basi, na baada ya saa sita mchana usiguse kahawa wala chai kali, usikate zote kwa mpigo maana kichwa kitauma na utaongeza tatizo jingine. Chai, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vyote vihesabu humohumo.

Nikiwa hapohapo kwenye ini, kuna dawa ambazo nazo zinapanda kwenye damu mtu akiacha sigara, kama theofilini ya pumu, klozapini na olanzapini za magonjwa ya akili, na hata warfarini ya kuzuia damu kuganda inahitaji kuangaliwa. Hujasema unatumia dawa yoyote, ila kama ipo mojawapo ya hizi mwambie daktari wako wiki hii hii kwamba umeacha kuvuta, asikwambie mtu urudie sigara kwa sababu hiyo, dozi ndo inarekebishwa.

Kinachobaki baada ya hapo ni hamu yenyewe, ile inayokuja ghafla baada ya kula au ukishika simu. Rudi tena kwenye hesabu, sigara moja ina pafu kama 10, fegi 20 ni pafu 200 kwa siku, kwa miaka 14 umepeleka mkono mdomoni zaidi ya mara milioni moja, na kila mara ubongo umelipwa papo hapo. Hakuna tabia nyingine yoyote uliyoirudia namna hiyo, kwahiyo hata nikotini ikiwa sawa mkono bado utatafuta pakiti mfukoni. Uzuri ni kwamba hamu moja haikai, inapanda, inafika juu, inashuka, kwa kawaida ni dakika chache tu, tatu, tano, ikizidi sana kumi. Inakudanganya kwamba itaendelea kupanda mpaka uvute, na sio kweli. Chukua simu washa saa, angalia dakika kwa macho yako, na usikae palepale ilipokukuta, kama ni mezani nyanyuka, kama ni nje na wenzio wanaovuta ondoka kabisa usijipime ubavu wiki hizi za mwanzo. Piga mswaki mara tu baada ya kula, watu wanadharau hii lakini ladha ya dawa ya meno inakata ile hamu ya baada ya chakula vizuri sana. Kiberiti, vibweta vya majivu na ile pakiti moja uliyoificha "kwa dharura" vyote vitoke ndani leo. Na pombe uiweke pembeni kwa sasa, glasi mbili zinatosha kukusahaulisha haya yote.

Utakuta pia choo kinakuwa kigumu, vidonda vidogo mdomoni, kikohozi kinaongezeka, hayo yanapita, kunywa maji na utembee.

Turudi kwenye ile moja ya usiku. Nikotini inachangamsha, haileti usingizi, ule utulivu unaousikia ukivuta ni arosto inakatika kwa muda, alafu baada ya masaa mawili unadaiwa upya katikati ya usiku. Pafu chache tu zinatosha kujaza sehemu kubwa ya vile vipokezi, kwahiyo vinywa ulivyovinyima sigara siku nne unavionjesha tena, na wengi wanaoonja moja wanajikuta wamerudi kwenye pakiti. Ila ikitokea umeteleza, nisikilize, usivue plasta kwa hasira na kusema imeshindikana, zima hiyo sigara, endelea na dozi yako kama kawaida, siku nne ulizozijenga bado ni zako. Ukiona wiki mbili zimepita, dozi ni sahihi na bado unazidiwa, nenda hospitali uulize kuhusu dawa za kusaidia kuacha sigara, yaani vareniklini, sitisini au bupropioni (hii ya mwisho hapana kama umewahi kupata kifafa), zote WHO imezipendekeza kwenye mwongozo wake wa mwaka 2024. Na kama hasira itageuka huzuni nzito, ukaanza kuona bora usiwepo, hiyo usiisubirie wiki, nenda siku hiyohiyo. Vivyo hivyo maumivu ya kifua au kuzimia, hayo usiyaite arosto.

Mke wako nae namwelewa, siku nne za mtu anayefoka si mchezo. Mwonyeshe haya niliyoandika, mwambie hasira hii mara nyingi inaanza kushuka baada ya wiki ya kwanza na usimwache abahatishe, mpe tarehe kabisa kwenye kalenda. Alafu muombe kitu kimoja kidogo, mkishamaliza kula usiku mtoke wote mtembee dakika kumi, saa ileile ulikuwa unatoka peke yako kwenda kuvuta.