Mzee hakohoi akinywa maji, picha ya nini tena?

SWALI: Dokta habari, baba kapata stroku wiki mbili sasa. Juzi kaja dada mmoja wodini, kamwambia aseme "aaa", kamwekea vidole kooni, kampa maji kijiko kimoja kimoja, mwisho glasi. Mzee hakupaliwa hata kidogo, sisi tukafurahi, yeye anasema bado anataka picha. Si wanatuzungusha tu hawa? Na vidole vinapima nini?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Hawawazungushi.

Jishike kooni sasa hivi umeze mate. Umesikia kitu kinapanda halafu kinashuka? Hilo ni zoloto, likipanda ndo njia ya hewa inajifunga chakula kipite. Kwa mtu wa stroku linaweza kuchelewa au kupanda nusunusu, na vidole vinalisikia, pia yule dada anahesabu mara anazomeza, maana kijiko kimoja kikimezwa mara tatu nne ujue kuna kitu kinabaki nyuma.

"Aaa" nayo siyo mchezo. Anasikiliza sauti kabla na baada ya maji, ikigeuka ya majimaji, kama mtu anayeongea huku anasukutua, kuna kitu kimekaa juu ya nyuzi za sauti. Ya baba ilikuwaje baada ya glasi? Hukuniambia, na pengine yule dada alisikia kitu ambacho nyie hamkukisikia.

Sasa hiyo furaha yenu. Kukohoa ni kengele, na stroku inaweza kuikata waya: koo linapoteza hisia, maji yanaingia mapafuni na mtu katulia tuli, mnakuja kushtukia nimonia. Kipimo cha kitandani hakioni ndani ya koo, hata uwe na mikono mizuri vipi, ndo maana kuna eksirei ya video, mgonjwa akimeza vitu vyenye bariamu (dawa nyeupe inayoonekana kwenye eksirei), au kamera nyembamba inayopita puani.

Mpaka picha itoke fuateni alichosema yule dada, na msimpe maji kwa kuibia eti kiu inamtesa (najua inauma kumnyima). Kama karuhusiwa kula akae wima kabisa, umchungulie shavu la upande uliolegea, chakula hujificha humo. Homa ya kuja na kuondoka, au kifua kukoroma baada ya kula, semeni siku hiyohiyo.

Na kama ana meno ya bandia aende nayo siku ya picha, asije akapimwa kutafuna bila meno.