Muulize Fundi: Balbu moja, omu mbili

SWALI: Habari za kazi fundi. Najifunza umeme mwenyewe tu nyumbani. Nina balbu ya zamani, zile za waya ndani zinazowaka njano, imeandikwa 230V 60W. Nimeiwasha nikapima volti 230, mkondo ampea 0.26, nikagawanya nikapata omu 884. Baadaye nikaizima, nikaichomoa, ikapoa, nikaipima omu na multimita ileile ikasoma 65!! Sasa muongo nani hapa, mita, fomula au mimi? Nimebadilisha hadi betri ya mita, wapi.

JIBU: Hakuna muongo ndugu yangu, betri umeitoa kafara bure tu. Hesabu yako iko sawa kabisa, ukinzani, yaani hizo omu, ni volti gawa kwa ampea, na nguvu ni volti mara ampea, 230 mara 0.26 inakupa wati 59.8, yaani ndo zilezile 60 zilizoandikwa kwenye kioo. Ila umepima balbu mbili, ya moto na ya baridi. Ule waya ni wa tungsten, ukiwaka unapita nyuzi joto 2,000 za sentigredi, na metali ikipata moto inaubana mkondo zaidi, kwa hiyo hizo 65 ni za waya uliolala na 884 ni za waya ulio kazini, ukigawanya utaona imepanda kama mara 13 na nusu hivi.

Ukitaka kuona utamu wake chukua hiyo 65 uifanyie hesabu ya nguvu, volti mara volti gawa kwa omu: 230 mara 230 ni 52,900, gawa kwa 65, unapata wati 813. Balbu ya wati 60! Na sio uongo, ile nukta unayobonyeza swichi inaweza kuvuta ampea 3 na nusu, halafu waya unapata moto chapuchapu mkondo unashuka hadi 0.26. Ndo maana balbu hizi zinapenda kuungua pale pale unapowasha, sio zikiwa zimeshawaka saa nzima.

Jaribu hivyohivyo na birika la umeme la wati 2,000. Kwa hesabu ni ampea 8.7 na omu 26 na kitu, na ukilichomoa ukalipima likiwa baridi utakuta karibu hizohizo, maana waya wake ni nikromu, omu zake hazihangaikii joto sana. Feni usiijaribu kwanza, mota kwenye umeme wa AC, yaani huu wa ukutani, ina mambo yake, volti mara ampea hapo hazikupi wati kamili.

Na jamani omu zinapimwa kifaa kimechomolewa. Sirudii.

SWALI: Fundi, koili ya jiko langu la umeme la wati 1,000 ilikatika, nikakata kipande kilichoungua nikaiunga, imepungua kama sehemu moja ya kumi. Jamaa yangu anasema joto ni mkondo mara mkondo mara omu, kwa hiyo omu zikipungua na moto unapungua. Mbona naona jiko limekuwa kali?

JIBU: Macho yako yako sawa. Fomula ya jamaa nayo iko sawa, shida yake anadhani mkondo umebaki vilevile. Kinachobaki vilevile ni volti, 230 za ukutani, mkondo ndo unaofuata omu. Zamani koili ilikuwa na omu 52.9 ikivuta ampea 4.35, sasa ina 47.6 inavuta 4.83, zidisha na 230 unapata wati 1,111. Na wati hizo zimebebwa na waya mfupi zaidi, kwa hiyo kila sentimita inapikwa karibu robo zaidi ya mwanzo, hapo usitegemee itadumu.

Fomula ya jamaa yako ina kazi moja tu hapo jikoni kwako, nayo ni pale ulipounga. Pale mkondo umeshaamuliwa na koili yote, kiungio hakina usemi, kinapitishiwa tu hizo ampea 4.83. Kama umekizungusha kwa koleo bila kukaza vizuri kikabaki na nusu omu, basi 4.83 mara 4.83 mara 0.5 ni wati 11 na ushee, zote kwenye kinundu kidogo kama punje ya mchele. Lichomoe, zima, kikipoa kiangalie rangi yake, kikiwa cheusi na kimeanza kumomonyoka usihangaike kukaza tena, weka koili mpya ya wati zilezile 1,000.