Kusokota uzi kwa mkono: majibu kwa wasomaji wa Mwanza

Nina pamba ya shambani Magu. Mbegu naitoaje bila mashine?

Ianike juani kwa muda wa saa mbili au tatu kwanza. Pamba yenye unyevu hung'ang'ania mbegu. Weka tonge dogo juu ya jiwe bapa, kisha viringisha juu yake chuma laini chenye unene wa penseli huku ukibonyeza. Mbegu zitatangulia mbele, nyuzi zitabaki nyuma. Usizipondeponde: mbegu ikipasuka, maganda hubaki ndani na uzi hujaa vinundu.

Kijiti changu cha kusokotea kikining'inia, uzi unakatika. Nakosea wapi?

Kosa ni uzito, si mikono yako. Unyuzi mmoja wa pamba yetu hauzidi sana sentimita 3, hivyo kinachoshikilia uzi ni msokoto peke yake. Kijiti kizito huuvuta kabla msokoto haujaingia. Tafuta chenye gramu 15 hadi 20, na ncha yake isimame ndani ya kipande cha kibuyu badala ya kuning'inia.

Chambua pamba kwa vidole mpaka ilegee kabisa, iviringishe kwenye ujiti, kisha chomoa ujiti upate kibunda chepesi. Mkono wa kulia uzungushe kijiti, wa kushoto ulioshika kibunda urudi nyuma taratibu. Hapa ndipo penye raha ya kazi hii: msokoto hukimbilia palipo pembamba, pale panene pakabaki laini, na ukiendelea kuvuta panene panapungua penyewe. Ukiminya kibunda, unaziba njia hiyo.

Kagua palipokatika. Ncha zenye manyoya zilizoachana polepole zinadai msokoto zaidi. Uliokatika ghafla baada ya kujikunja mafundo umezidishiwa.

Uzi unajipindapinda. Nimeuharibu?

Hapana. Chukua nyuzi mbili zilizosokotwa kuelekea kulia, zisokote pamoja kuelekea kushoto, zitatulia. Kisha zungusha uzi uwe shada, yaani duara la mizunguko mingi, lifunge kwa kamba sehemu nne, lichemshe saa moja kwa maji na sabuni kidogo. Mwanzoni litaelea, maana pamba mbichi ina nta. Maji yakigeuka kahawia, nta inatoka.

Magugu maji ya ziwani yanasokoteka?

Yasuke, usiyasokote. Shina lake ni kama sponji. Likikauka hufaa vikapu, lakini likifanywa uzi mwembamba hukatika. Kwa kamba, mkonge ndio wenyewe: kwangua jani kwa mgongo wa kisu, osha nyuzi siku hiyohiyo kwa sababu utomvu huwasha, anika, kisha sokota juu ya paja ukiwa umetandika kitambaa kizito.