Dawa pekee hazimtoshi mzee anayeishi na VVU

Je, mzee anayeishi na VVU akipata dawa tu, zinamtosha? Hapana, hazitoshi, hata kama kipimo kinaonyesha virusi vimefubaa. ARV hudhibiti virusi, lakini haziondoi upweke wala sonona, na hayo mawili huwafanya wengi waruke dozi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza wenye VVU washauriwe na wenzao, kama njia mojawapo ya kumsaidia mtu adumu kwenye dawa.

Nasema haya nikiwa mshauri nasaha. Kuanzia miaka 50 (hapo ndipo takwimu za VVU huanza kumhesabu mtu kuwa mzee) mzigo huongezeka: presha, kisukari, mifupa kudhoofika, huku wenzake wa rika wakizidi kupungua. Mtu wa kumsindikiza kliniki na kuhakikisha daktari anajua dawa zote anazomeza ni msaada mkubwa sana, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hugongana na ARV.

Ila tafadhali, msimtangazie hali yake kwa ndugu eti ndipo asaidiwe. Nani aambiwe ni uamuzi wake mwenyewe, na wapo wanaokuwa huru zaidi kwenye kikundi cha wenzao kuliko nyumbani.