Vitumbua vya Safari ya Amboni

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, Tanzania iendelee kupeleka askari wake kulinda amani katika nchi jirani?", nilikusudia kulijibu kwa neno moja tu: hapana. Sababu nilikuwa nazo. Desemba 2017, kule Semuliki katika Kivu ya Kaskazini, walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja la ADF, waasi wenye asili ya Uganda, na hadi leo mashariki ya Kongo hakujatulia. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mji wa Goma ilhali majeshi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na letu likiwamo, yalikuwa huko huko.

Kabla sijaiandika hapana hiyo nikakumbuka Amboni, na tangu hapo linalonikera si askari waende wapi, bali sisi tunaobaki nyumbani huwa tunaambiwa nini.

Februari 2015 nilikuwa nikifundisha darasa la sita katika shule moja ya hapa Tanga mjini. Tulikuwa tumepanga kuwapeleka watoto kwenye Mapango ya Amboni, safari ambayo kila mtoto wa Tanga huidai kama haki yake. Wazazi walichanga shilingi 3,000 kila mmoja, tukakodi Coaster, na mama mmoja wa Chumbageni tukamwagiza vitumbua 200. Wiki ile ile risasi zikarindima mapangoni. Polisi na JWTZ, yaani jeshi letu, walikuwa wakipambana na watu wenye silaha waliojificha humo. Askari mmoja wa jeshi aliuawa na wengine kadhaa wakajeruhiwa. Safari ikafa. Mwenye gari alirudisha nusu ya fedha baada ya mabishano marefu, lakini vitumbua vilikuwa vimekwisha kupikwa tangu alfajiri, na yule mama angemuuzia nani vyote vile? Akavileta shuleni kwa ndoo mbili, na mimi nikawa nagawa darasani, viwili viwili, huku nikijaribu kuendelea na somo la hesabu za sehemu kama vile hakuna lililotokea.

Mtoto mmoja akainua mkono, kitumbua kikiwa bado mdomoni. "Mwalimu, wale ni majambazi au magaidi?" Nikamjibu kama kauli rasmi ilivyotoka, kwamba ni wahalifu tu. Akatafuna kwanza, kisha akauliza: "Sasa kama ni majambazi, mbona limeitwa jeshi?" Nikamwambia amalize kula. Jibu lile limenikaa kooni kwa miaka yote hii, maana mtoto aliuliza swali la mtu mzima nami nikamjibu kitoto.

(Mapango yale yamekwisha kuuona ubishi huo wa majina. Waongozaji wa Amboni humsimulia kila mgeni habari za Osale Otango, aliyejificha humo miaka ya 1950. Serikali ya mkoloni ilimwita jambazi, wengine wakamwita mpigania uhuru.)

Nililaumu sana maneno machache tuliyopewa wakati ule. Lakini Aprili 2016, mwaka mmoja na ushei baadaye, Uganda ilitangaza kwamba bomba lake la mafuta ghafi halitapita Kenya kwenda Lamu, bali litakuja Tanga: kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani. Pamoja na gharama na urahisi wa kupata ardhi, usalama ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, maana wapiganaji wa Al-Shabaab wa Somalia walikuwa tishio upande wa Lamu; mji wa huko, Mpeketoni, ulikuwa umeshambuliwa Juni 2014. Nadhani jina ambalo nchi hulibandika tatizo lake, majambazi au magaidi, huvuka mpaka kabla ya askari wake, na majirani na wawekezaji hulisoma kabla hawajasoma mkataba. Kwa hiyo lawama yangu imepungua, ingawa haijaisha. Mwenye mtaji alihitaji utulivu wa maneno, nasi wa mitaa ya Tanga kama Kiomoni na Mikanjuni tulihitaji kujua kama tuwaache watoto waende kutafuta kuni.

Nalo lile la kulinda amani "katika nchi jirani", yaani nje ya mipaka yetu, linanipa shida. Oktoba 2020 wapiganaji waliotoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walivuka mto Ruvuma ulio mpakani na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Walikuja wenyewe, hatukuwafuata. Julai 2021 Rwanda, ambayo haipakani na Msumbiji hata kwa hatua moja, ilipeleka huko watu wapatao 1,000, na SADC ikapeleka kikosi chake, Tanzania ikiwamo, kikosi kilichoondoka mwaka 2024. Kama Rwanda iliona ina jambo la kulinda huko, sisi wenye mto mmoja na Msumbiji tutasemaje?

Basi mnihesabu miongoni mwa waliosema ndiyo, ingawa nilikaa mezani kuandika hapana. Kwa Msumbiji, ndiyo bila kigugumizi, mradi Bunge lielezwe wanakwenda kufanya nini na kwa muda gani, na wazazi wa vijana hao wasiwe wa mwisho kupata habari. Kwa Kongo, ambako tumekwisha kwenda kwa kofia ya Umoja wa Mataifa na kwa kofia ya SADC pia, ndiyo yangu ni ya shingo upande, na mkiniuliza tena wiki ijayo huenda ikawa hapana.

Mwalimu mstaafu, Tanga