Modeli yako isipotembea, usianze na ubongo

Nilipoanza kutengeneza modeli ya kompyuta ya mwendo wa binadamu, nilikimbilia ubongo. Nilidhani kila hatua inaamriwa kutoka juu. Miezi ikapita, na mtu wangu wa kwenye skrini alikuwa akisimama, anatetemeka, halafu chali.

Wewe unayeanza, shuka kwenye uti wa mgongo. Mwaka 2010 watafiti Hartmut Geyer na Hugh Herr walichapisha modeli yenye misuli saba tu kila mguu. Haikuwa na ubongo wala saa ya ndani ya kupiga mdundo, na ikatembea. Kinachoiendesha ni rifleksi, yaani majibu ya papo hapo ya misuli yanayopitia uti wa mgongo bila kungoja ubongo. Chukua msuli wa shavu la mguu: kadiri unavyobeba uzito ndivyo unavyoamriwa kukaza zaidi, mpaka kisigino kinanyanyuka na mguu unasukuma. Hakuna aliyeuambia "sasa sukuma". Ule wa mbele ya muundi nao unafuatilia urefu wake wenyewe, ncha ya mguu isije ikakwaruza chini.

Usidharau ucheleweshaji wa neva, yaani muda ambao ishara inatumia kusafiri hadi uti wa mgongo na kurudi. Wale wawili waliweka milisekunde 20 kwa kifundo, 10 kwa goti, 5 kwa nyonga. Mimi niliweka sifuri, eti nirahisishe mambo. Modeli ikatembea vizuri kweli, nikajisifu. Niliporudisha ucheleweshaji, hatua ya pili tu ikaanguka, nami nikaanza kutafuta upya vipimo vyote, yaani namba zinazoamua kila rifleksi iwe na nguvu kiasi gani.

Sasa kuna suala la kutafuta hivyo vipimo. Kwa mkono hutaweza, ni vingi mno. Wengi wetu tunatumia CMA-ES, mbinu inayojaribu kundi zima la majibu, inabakiza yaliyo bora na kuzalisha mengine kutokana nayo. Haina huruma, na inatimiza ulichoandika, siyo ulichokusudia. Mara ya kwanza niliipa alama kwa umbali nyonga iliofika kabla ya kuanguka. Asubuhi nikakuta modeli inajirusha mbele kama kipa. Nikaongeza adhabu ya kutumia nguvu nyingi, nikaizidisha. Ikaamua kusimama tu, maana asiyetembea hachoki. Kilichonisaidia ni kutoa adhabu kubwa kwa kuanguka na kudai mwendo wa mita 1.3 kwa sekunde, kisha adhabu ya nguvu ikafuata baadaye, kidogo kidogo.

Programu za kuigiza mwendo zipo za bure: OpenSim ya Chuo Kikuu cha Stanford, na SCONE ya mtafiti Thomas Geijtenbeek. Laptopu ya kawaida inatosha, ila iache ikikoroma usiku kucha. Mambo ya ngazi na kukata kona yasubiri.

Na hifadhi kila toleo lililoanguka, pamoja na namba zake. Juzi nimefungua la zamani ambalo nililaumu rifleksi zake wiki nzima. Kosa lilikuwa kwenye sakafu: niliifanya laini mno, kisigino kinazama kama kwenye mchanga wa pwani.